Baba Mmoja, Mama Mmoja

Fundi alikuwa na pini mdomoni na pazia la mteja magotini pale mdogo wake alipopanda ngazi za kibaraza na kuketi kwenye benchi la wateja bila kusalimia. Hilo peke yake lilikuwa habari. Mama Bosi alikuwa mtu wa salamu ndefu, wa kuulizia watu wa nyumbani, biashara, mpaka paka wa jirani. Siku ile aliketi tu, akaweka mfuko wa hospitali miguuni, akaikodolea macho cherehani kana kwamba amekuja kuinunua.

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Bosi kazidiwa?"

"Yuko vilevile. Jana wamemwongezea damu tena. Hiyo nayo itaisha, wataongeza nyingine." Mama Bosi alisugua magoti yake. "Dada, wanasema kuongeza damu hakutoshi. Ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ule uboho wa ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, ndio uliokufa."

Bosi alikuwa mwanawe, mvulana wa darasa la saba, aliyepewa jina hilo tangu uchanga kwa sababu alilala amekunja uso kama mkubwa wa ofisi aliyeletewa hesabu mbovu. Tangu mvua zilizopita alikuwa akitokwa na damu puani bila kuguswa na mtu, akichoka kwa kupanda ngazi tu, na sasa alikuwa amelazwa kwenye wodi ambayo wageni huingia wamefunika pua na mdomo.

"Sasa wanasemaje?"

"Yupo daktari bingwa, kaja na ile wodi mpya. Anasema wanaweza kumpandikizia mbegu za damu. Seli shina wanaziita. Wanazichota kwenye uboho wa mtu mwenye afya, wanamwekea yeye, zinaota. Watoto wamepona, dada. Nimeonyeshwa mmoja anakimbizana na mama yake kwenye korido."

"Basi si habari njema hiyo? Wachote kwako. Wachote kwa baba yake."

"Tumepimwa. Mzazi analingana nusu tu. Daktari anataka ndugu. Na si undugu wetu huu, wa mtoto wa dada na mtoto wa mdogo mtu kuitana kaka na dada. Baba mmoja, mama mmoja. Akaniuliza, mama, una watoto wangapi?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mmoja."

Mguu wa Fundi uliteleza kwenye pedeli. Hakuna kati yao aliyemtazama mwenzake.

Tuseme wazi, maana hakuna faida ya kumzungusha msomaji. Binti aliyekuwa akijulikana mtaa mzima kuwa mtoto pekee wa Fundi, yule waliyemwita Mizani, alizaliwa na Mama Bosi. Alizaliwa mwaka wa kwanza wa ndoa yake na mumewe mchomelea vyuma, katika mji mwingine, wakati Fundi alipokuwa amekwisha kuharibikiwa na mimba moja baada ya nyingine na mawifi wameanza kumtafuna kwa midomo. Mama yao mzazi, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyeamua. "Wewe bado mbichi," alimwambia binti yake mdogo, "utazaa mpaka uchoke. Huyu mpe mwenzio." Akampa. Akaapishwa kwamba zawadi hairudishwi wala haitajwi. Akangoja hao wengine wa kuzaa mpaka uchoke. Akaja Bosi peke yake, tena baada ya miaka mingi, na mlango ukafungwa.

Kwa miaka yote hiyo alimsikia mwanawe akimwita mama mdogo, akaitika. Kama kuna watu wanaodhani hilo ni jambo dogo, na wajaribu siku moja.

"Sikuja kudai," alisema Mama Bosi. "Wewe unanijua. Ningekuwa wa kudai ningedai zamani. Nimekuja kwa sababu mwanangu anakufa."

Fundi aliogopa. Aliogopa Bosi kufa, kwa maana alimpenda kwa dhati, lakini hofu iliyomshika haikuwa hiyo. Alikuwa mjane mwenye chumba na ukumbi, cherehani, na mtoto mmoja, na katika hivyo vitu vitatu alichokuwa nacho hasa ni kimoja.

"Atapimwa," alisema hatimaye. "Lakini haambiwi."

"Atapimwaje bila kuambiwa? Wanataka baba mmoja mama mmoja."

"Tutamwomba aseme hivyo. Aseme wewe ndiye mama yake. Atadhani anadanganya ili kumsaidia mdogo wake. Daktari atapata anachokitaka, na sisi tutabaki kama tulivyo."

"Yaani unataka mtoto aseme kweli huku akidhani anasema uongo?"

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Akili ya mtu mwenye hofu hushona haraka haraka, na Fundi alikuwa hodari wa kushona.

*

Mizani alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, upande wa misumari na waya. Jina alipewa na wateja. Wauzaji wengine hupima misumari kwa kuisukuma mizani kidogo kwa kidole. Yeye alikuwa akiongeza msumari, akipunguza msumari, mpaka mshale usimame panapostahili. Tajiri wake alilalamika kwamba atamfilisi kwa msumari mmoja mmoja, lakini hakumfukuza, kwa sababu mafundi walivuka maduka matano kuja kununua kwake.

"Mama, mimi uongo siuwezi," alisema jioni ile, sahani ikiwa magotini. "Unajua nikidanganya masikio yananiwaka moto."

"Ni uongo wa kheri."

"Huo ndio unaowaka zaidi."

"Kwani Bosi si mdogo wako?"

"Ni mdogo wangu."

"Basi. Umeulizwa, umejibu."

Mizani alitafuna polepole. "Lakini mama, kama wanataka waliotoka tumbo moja, damu yangu itawafaa nini? Si itakataa tu, nimewapotezea muda?"

Fundi aliinuka akaanza kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi. "Wewe kapimwe. Mengine ya Mungu."

"Nitakwenda. Kwa ajili ya Bosi nitakwenda hata kama ni kulala kwenye miiba. Ila ikikataa, msije mkanilaumu."

*

Kwenye dirisha la kuandikisha pale hospitalini alikuwepo karani mwenye miwani na homa ya uvivu. Watu walipangana mbele yake kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, kiasi kwamba mmoja akikohoa wote hutikisika. Mchomelea vyuma, ambaye kila mtu alimwita Welda, alikaa mwisho wa mstari akiwa ameshika kofia yake. Mashine yake ya kuchomelea aliiuza mwezi wa kwanza wa ugonjwa, na siku hizi rafiki zake walimtania kwamba amebaki na jina tu, kama mfalme aliyepinduliwa. Alicheka nao. Nyumbani hakuwa akicheka.

"Mtoaji nani?" aliuliza karani.

"Mimi," alisema Mizani.

"Ni nani kwa mgonjwa?"

"Dada."

"Dada gani? Hapa kila mtu dada. Juzi kaja mtu na dada wa kanisani."

"Baba mmoja, mama mmoja," alisema Mizani, na masikio yake yakawaka kwa ndani, kama alivyosema.

"Mama yako yuko wapi?"

Walikuwa wamesimama nyuma yake, mkubwa kulia na mdogo kushoto. Mizani aligeuka. Macho yake yalikwenda kwanza kulia, kwa mazoea, kisha akayavuta kushoto, akamshika Mama Bosi mkono.

"Mama yangu huyu."

Karani aliandika. Mama Bosi alisimama kama amepigwa na kitu. Neno hilo alikuwa amelingoja tangu ujana wake, na sasa limekuja dirishani mbele ya watu, likiwa limekopwa. Kuandikisha kulipokwisha akasema anakwenda msalani, akaenda, akakaa huko mpaka mwanamke aliyekuwa akifagia akagonga mlango kumuuliza kama yu hai.

"Na huyu mwingine?" Karani alimwelekezea Fundi kalamu. "Dirisha si la harusi, msijae wote."

"Huyo ni mama mkubwa," alisema Mizani.

"Basi mama mkubwa akakae. Hapa tunahitaji wazazi."

Fundi alikwenda akakaa. Alikuwa ameyapanga mwenyewe haya yote, mshono kwa mshono, na hakuwa amefikiria kwamba yatamchoma yeye wa kwanza.

*

Majibu yalipotoka, hospitali ilipiga simu. Analingana. Si nusu, si robo tatu, analingana kabisa, kila walichopima. Welda aliketi chini kwenye mlango wa nyumba yake akalia waziwazi. Mama Bosi alimpigia dada yake, na wote wawili walimshukuru Mungu kwa sauti za watu wanaochungulia nyuma.

Mizani hakuimba wala hakushukuru. Siku nzima dukani alikosea hesabu ya chenji. Jambo lilikuwa halikai sawa, na yeye kitu kisichokaa sawa hakuweza kukiacha.

Alipoitwa hospitali kuzungumza na daktari, aliambiwa aingie peke yake. Daktari bingwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alimweleza kila kitu bila haraka. Atalazwa. Atapewa dawa ya usingizi. Watachota uboho kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Atapata maumivu ya mgongo siku kadhaa, kama mtu aliyebeba mizigo, na uboho utajirudisha wenyewe. Na kama hataki, aseme hapa hapa. Familia itaambiwa tu kwamba kiafya haiwezekani, na hakuna atakayejua sababu.

"Sijakataa," alisema Mizani. "Lakini kuna jambo, daktari. Nikinyamaza na Bosi akafa, nitakuwa nimemuua mimi."

"Sema."

"Kipimo chenu kimekosea. Mimi si ndugu yake wa tumbo moja. Mama yake na mama yangu ni mtu na dada yake. Waliniambia niseme hivyo ili mnipokee, na mimi nikasema. Sasa mnasema nalingana naye kabisa. Itakuwaje? Mmechanganya vichupa. Mkimwekea vitu vya mtu asiye wake, si vitamuua?"

Daktari aliweka kalamu mezani. Alikuwa amesikia uongo mwingi katika chumba kile: watoto waliotishwa, kaka walioahidiwa kiwanja. Hakuwahi kukutana na mtu aliyekuja kukiri uongo ambao ulikuwa kweli.

"Kipimo tulikirudia," alisema. "Hatukukosea."

"Mtoto wa mama mkubwa anaweza kulingana hivyo?"

Daktari alifunga faili lake. Mizani alimtazama usoni, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, vidole virefu vyenye kucha bapa. Welda alikuwa na kucha kama hizo. Alikuwa ameziona maisha yake yote, zikimenya chungwa, zikifunga nati, na hazikuwahi kumwambia kitu.

"Hilo swali si langu kulijibu," alisema daktari kwa upole. "Lakini sitakugusa kwa sindano kabla hujajibiwa. Nani kakuleta leo?"

*

Fundi na mdogo wake waliingia wote wawili, wakakaa upande mmoja wa meza kama wanafunzi waliochelewa. Daktari aliwaambia maneno machache: binti huyu hawezi kukubali jambo asilolijua, na mwenye kulisema si hospitali. Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Aliyesema ni Fundi. Kwa hilo lazima apewe haki yake. Alisema bila kupamba, tangu mimba zilizoharibika mpaka siku alipowekewa mtoto mikononi, na sauti yake ilikatika mara moja tu, aliposema, "Ulikuwa umevaa soksi moja."

Mizani alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine anajua?"

"Baba yake Bosi," alisema Mama Bosi.

"Bosi?"

"Hajui."

"Kwa hiyo siku ile dirishani nilikuwa nasema kweli." Aliongea polepole, kama anayehesabu chenji ya mtu. "Nilisema kweli, na ninyi mkaniacha niwake masikio. Mlisimama nyuma yangu mkanitazama."

"Mwanangu," alisema Fundi.

"Mngeniambia, ningetoa siku hiyohiyo. Ningetoa hata mfupa wenyewe. Sasa nitajuaje?" Alimgeukia Mama Bosi. "Bosi asingeugua, ungenitaka?"

Mama Bosi aliinuka kitini, akimnyooshea mikono.

Mizani alichukua mkoba wake akaondoka. Jioni ile hakurudi nyumbani. Alituma ujumbe mfupi kwamba yuko kwa mwenzake wa dukani, asitafutwe.

*

Wale dada wawili waligombana siku ya pili, kwenye ngazi za hospitali, watu wakipita. Bosi alikuwa ameamka na homa, na daktari alikuwa amesema kila chupa ya damu anayoongezewa inaufanya mwili wake uzidi kuwa mgumu kupokea cha mtu mwingine. Kungoja kulikuwa na mwisho wake.

"Wewe ndiye uliyekuja na ujanja wako," alisema Mama Bosi. "Njia ya mwongo fupi, tangu tukiwa wadogo tunaambiwa. Ningemwambia mwenyewe tangu mwanzo, leo mwanangu angekuwa ameshapandikizwa."

"Na mimi ningebaki na nini?"

"Mimi nabaki na nini? Nilikupa mmoja, Mungu akanipa mmoja, na huyo ndiye anayekufa. Lakini wewe utajuaje. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Lilikuwa limesemwa. Mwanamume mmoja aliyebeba chupa ya chai alisimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Miaka yote Fundi alikuwa akiogopa neno hilo kutoka kwa mawifi, kwa majirani, kwa mteja mlevi. Hakuwahi kuliogopa kutoka kwa mdogo wake.

"Surua aliugua kwangu," alisema kwa sauti ndogo. "Meno aliota kwangu. Siku ya kwanza ya shule alilia ameshika sketi yangu, wewe hukuwepo. Kuzaa si kazi, mdogo wangu."

Akashuka ngazi zilizobaki, akaenda nyumbani kwa miguu.

*

Welda alikwenda dukani. Alisimama kwenye foleni kama mteja, na zamu yake ilipofika aliomba nusu kilo ya misumari.

"Inchi ngapi?" aliuliza Mizani bila kuinua macho.

"Yoyote."

Hapo akamtazama. "Welda na misumari wapi na wapi?"

"Hata mimi najiuliza." Alikunja kofia yake. "Sikuja kukuomba, mama. Sina uso wa kukuomba. Nimekuja kukuambia kitu kimoja tu, kwa sababu wale wawili hawakijui. Siku ile unachukuliwa, mimi ndiye niliyekubeba mpaka stendi. Ulikuwa umelala begani. Nikasema moyoni, akiamka akalia, simtoi, narudi naye nyumbani, watasema watakachosema. Hukuamka. Na mimi sikukuamsha."

Mizani alimimina misumari kwenye mizani. Mshale ukapita kidogo. Akapunguza mmoja, ukarudi nyuma, akauongeza tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka mteja wa nyuma akaguna. Mwishowe akaifunga kwenye karatasi akamkabidhi.

"Bosi anakula?" aliuliza.

"Anakula maneno tu. Anauliza ulipo."

*

Siku ya mapumziko alikwenda wodini. Alinawa, akavaa joho na barakoa, akaketi kwenye kiti kilichowekwa mbali kidogo na kitanda. Bosi alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa, lakini ule uso wa kudai hesabu alikuwa nao bado.

"Umechelewa," alisema. "Nikadhani umeachishwa kazi hapa."

"Nilikuwa na mambo."

"Nimeyasikia mambo yenyewe. Mama analia msalani kila siku, anadhani sisikii. Nikamuuliza baba, baba kaniambia." Alivuta pumzi, sentensi ndefu zilimchosha. "Eti wewe ni dada yangu."

"Ndiyo."

"Sasa kelele zote ni za nini? Kwani ulikuwa nani?"

Mizani alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, na barakoa ikalowa. Bosi alimngoja amalize. Alikuwa amezoea watu kulia mbele yake na alijua hakuna la kufanya ila kungoja.

"Si lazima utoe," alisema baadaye, akitazama dari. "Muuguzi kaniambia inauma. Mimi ningekuwa wewe ningekuwa na hasira sana. Ningekaa na hasira hata mwaka."

"Na mimi ninayo. Nitakaa nayo sana tu."

"Lakini?"

"Lakini hasira si yako." Alimrekebishia shuka miguuni kwa ncha za vidole, kama alivyoelekezwa. "Chako ni uboho. Nakuletea."

*

Kabla ya kutoa, ni Bosi aliyeteswa kwanza: walimpa dawa kali za kuua uboho wake mbovu, akatapika mpaka akabaki kivuli. Kuanzia hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Mizani akighairi sasa, mtoto amekwisha. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kumpigia simu.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuja mwenyewe, peke yake, na mkoba mdogo. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mifuko ambalo Fundi alimshonea alipopata kazi. Alipita mbele ya benchi la korido, akasema "Hamjambo" kwa wote kwa pamoja, bila kumtaja mtu mama wala mama mdogo, akamfuata muuguzi mpaka ndani. Mlango ukajifunga wenyewe.

Walibaki watatu. Welda alikaa katikati kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa katikati. Mama Bosi alikuwa upande wa dirisha, Fundi upande wa mwisho kabisa, nusu ya mwili nje ya benchi, kama mtu ambaye hana hakika kama ana haki ya kukalia. Tangu siku ya ngazi hawakuwa wamesemezana. Nyuma ya mlango mmoja alikuwemo mtoto wa mmoja, nyuma ya mlango wa pili mtoto wa wote wawili, au wa yupi, hakuna aliyetaka kuulizwa.

Muuguzi alitokea na mfuko wa plastiki. Ndani yake lilionekana gauni la kijani limekunjwa.

"Mama wa mtoaji," aliita. "Apokee nguo."

Korido ilikuwa na watu, na wote waligeuka. Mama Bosi alikuwa ameshainuka nusu kabla hajajua anafanya nini; kwenye karatasi za hospitali yeye ndiye mama. Fundi hakuinuka. Alitazama viatu vyake.

Mama Bosi alinyoosha mkono. Muuguzi akasita.

"Wewe ndiye uliyelishona?"

"Nini?"

"Hili gauni. Nimemuuliza mgonjwa nimpe nani nguo zake, kwa sababu kwenye karatasi wameandikwa wazazi wawili na hapa nje naona watu watatu. Alikuwa ameanza kusinzia. Kasema, apewe aliyelishona."

Mama Bosi alibaki amesimama, mkono hewani. Yeyote aliyemtazama wakati huo angeona kwamba neno hilo limempata, na limempata pabaya. Kisha akaupokea mfuko. Akapita mbele ya miguu ya mumewe, mpaka mwisho wa benchi, akauweka kwenye mapaja ya dada yake.

"Shika," alisema. "Nguo za mwanao."

Fundi aliushika mfuko kwa mikono yote miwili. Mama Bosi hakurudi upande wa dirisha. Aliketi pale pale, akimsukuma mwenzake kwa nyonga ili akae vizuri, na wakabaki wamebanana, wakitazama milango miwili.

Baada ya muda Fundi alilitoa gauni, akalikunjua. Upindo wa chini ulikuwa umefumuka kipande. Mtoto alikuwa ameishi kwa watu, hakukuwa na wa kumshonea. Alipapasa kola yake akapata sindano, uzi ukiwamo. Macho yake hayakuona vizuri pa kupitishia sindano, akajichoma kidole. Mdogo wake akalishika gauni upande wa pili, akalivuta likanyooka, na Fundi akaanza kushona.